Mikato Mitatu ya Maji

Kila asubuhi ya shule, kabla jua halijachungulia nyuma ya mlima, Chiriku alikuwa ameshafagia uwanja, ameshajaza ndoo na ameshagombana na mama yake. Kazi mbili za kwanza zilikwisha haraka. Ya tatu ndiyo iliyochukua muda.

"Leo utakwenda kwa miguu," mama alisema bila kuinua macho kwenye cherehani. Alikuwa mshona nguo, na mguu wake haukuacha kukanyaga hata alipokuwa anagomba.

"Nitachelewa, mama."

"Kwani wenzako wana magurudumu? Mbona wao hawachelewi?"

"Njia ya baiskeli ni dakika tano tu."

"Na kaburini ni dakika ngapi?"

Chiriku alivaa kofia ngumu ya kaka yake, ambayo aliijazia kitambaa ndani ili isimfunike macho, akaisukuma baiskeli hadi nje. Nyuma yake cherehani ilizidi kukimbia, kama inayomfukuza.

Jina la Chiriku alipewa na kaka yake huyo. Alipokuwa mdogo alizungumza tangu alfajiri hadi usingizi umfunge mdomo, kama ndege wa jina hilo. Sasa alikuwa na miaka kumi na mitatu, na tangu kaka afariki zilipita siku ambazo hakusema maneno kumi. Lakini jina halikumtoka. Jina likishamkaa mtu ni kama kovu.

Kaka alikuwa na miaka kumi na tisa. Alifanya kazi kwenye karakana ya Fundi Baiskeli, chini bondeni karibu na shule. Wawili hao ndio walioichonga ile njia kutoka mgongo wa mlima, ambako familia ya Chiriku iliishi, hadi nyuma ya karakana. Waliichonga kwa sururu na beleshi miezi minane, jioni baada ya kazi. Kaka alitumia mkono wa kushoto, na alipochoka alipiga mluzi kupitia pengo la jino. Kila walipofika kwenye shamba la mtu, aliweka sururu chini, akanawa mikono, akaenda kubisha hodi kuomba ruhusa. Msimu wa baridi uliofuata alianza kukohoa. "Kikohozi tu," alisema. Kilikuwa kichomi, na hakikumpa wiki tatu.

Alichoacha ni baiskeli yenye matairi mapana yenye meno, na njia. Asubuhi baiskeli ilimbeba Chiriku kumshusha shuleni. Jioni yeye ndiye aliyeibeba baiskeli kuipandisha nyumbani. Fundi alikuwa amekishusha kiti hadi mwisho, lakini bado Chiriku alikanyaga pedali kwa ncha za vidole.

Katika njia hiyo kulikuwa na kona kumi na mbili, kuhesabu kutoka juu, na kila kona ilikuwa na mkato wake. Mkato ulikuwa mfereji mfupi uliochimbwa mshazari kuikata njia, na udongo wake kulundikwa upande wa chini kama nundu. Kazi yake ilikuwa moja: maji ya mvua yakianza kushuka na njia, mkato uyashike na kuyatupa pembeni kwenye majani. Kwa mpanda baiskeli, mkato ulikuwa kero. Ukifika hapo ni lazima ubane breki, uinue gurudumu la mbele, upokee kishindo mgongoni, ndipo uendelee.

Chini ya kona ya tisa kulikuwa na matuta ya kabichi yaliyopangwa kama ngazi. Mwenyewe alikuwa mjane mmoja mkali kama siki. Watoto walimwita Bibi Kabichi, ila si mbele yake.

"Shikamoo, bibi!" Chiriku alipaza sauti akipita.

"Marahaba, na punguza mwendo! Mnapita hapa kama mmeiba! Siku mtakayoniangukia shambani, nitawavuna pamoja na kabichi zangu!"

Hayo ndiyo yalikuwa maamkizi yao ya kila siku.

Mwaka huo waendesha baiskeli wa ng'ambo ya mto walileta ujumbe kwamba wanataka kushindana. Fundi angechagua watatu wenye kasi kuliko wote. Kwenye mlango wa mbao wa karakana aliandika kwa chaki muda wa kila mmoja, tangu juu mlimani hadi chini. Juu kabisa lilikuwa jina la marehemu: dakika nne na sekunde kumi na moja. Hakuna aliyewahi kuifikia. Miongoni mwa walio hai Chiriku alikuwa wa nne, kwa dakika nne na sekunde kumi na tisa. Wa tatu alikuwa Mshale, msichana wa darasa lake, binti wa mchunga mbuzi. Alimzidi Chiriku kwa sekunde tatu, tena kwa baiskeli ya kuazima.

"Pole, Chiriku," Mshale alimwambia siku moja mbele ya wenzao, akijifuta vumbi usoni. "Baiskeli ya kaka yako inaijua njia. Tatizo ni aliyekaa juu yake."

Wenzao walicheka. Mmoja akaongeza, "Mlima ulimwona akishuka, ukapiga miayo!"

Chiriku aliikokota baiskeli kuipandisha nyumbani. Maneno yale yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alipofika kwenye mkato wa tisa alisimama kupumua, akautazama. Hapo ndipo alipopoteza sekunde zake. Hapo, na kwenye wa saba, na kwenye wa sita, ambako mteremko ulikuwa mkali na breki zilimla mwendo wote.

Mbingu ilikuwa nyeupe kwa jua. Mvua ilikuwa bado wiki tatu, kila mtu alisema hivyo. Wiki tatu! Kufikia hapo mashindano yangekuwa yamekwisha, naye angerudisha kila kitu kama kilivyokuwa.

Alifuata mawe bapa, akayapanga ndani ya mfereji. Akamwaga udongo juu yake, akaisawazisha ile nundu kwa kisigino, akashindilia, akatawanya majani makavu. Akafanya hivyo mara tatu. Hakuna aliyemwona ila mbuzi wawili watatu waliokuwa wanakatiza kurudi zizini, nao walimtazama huku wakitafuna.

Kesho yake alishuka kwa dakika nne na sekunde tisa.

Fundi aliitazama saa ya simu yake, akaitikisa kama imeharibika, akaitazama tena. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kufoka, ambaye hata akikusifu ungedhani anakutukana. Safari hii hakufoka. Aliandika muda ule juu ya ule wa marehemu, kisha akakaa ameupa mlango uso kwa muda mrefu, chaki ikiwa mkononi.

"Damu ni damu," alisema hatimaye. "Ungekuwepo wewe, bwana mdogo, ungeona."

Hakuwa akizungumza na Chiriku. Chiriku aliinamia mnyororo wa baiskeli, akajifanya anauweka sawa. Alikuwa ametarajia kufurahi.

Siku ya nne mvua ilikuja, bila kuuliza wiki zilizosalia. Ilianza katikati ya somo la hesabu, ikayapiga mabati mpaka mwalimu akaweka chaki chini, kwa kuwa hakuna aliyemsikia. Wanafunzi walishangilia. Chiriku alishika ukingo wa dawati kwa mikono miwili. Alikuwa akihesabu moyoni: wa sita, wa saba, wa tisa.

Ilipokatika, alipanda mlima akikimbia, baiskeli ameiacha shuleni. Kuanzia kona ya sita njia haikuwa njia tena. Ilikuwa korongo linalofika magotini, lenye mizizi iliyovuliwa nguo. Maji yalikuwa yameshuka nayo yakikusanya nguvu, na kwenye kona ya tisa, yalipokosa mahali pa kutokea, yakaruka ukingo. Matuta mawili ya kabichi yalikuwa yamekwenda. Kabichi zilikuwa zimeviringika kama mipira hadi kando ya barabara, nyingine zimezama kwenye tope, majani yakichungulia.

Bibi Kabichi alikuwa amesimama katikati, pekupeku, amekumbatia kabichi moja.

"Shikamoo, bibi," Chiriku alinong'ona.

"Marahaba ya nini? Shikamoo yako itanirudishia udongo? Toka! Toka hapo juu, usije ukanimalizia na lililobaki!"

Haukupita muda Fundi akafika akihema, na nyuma yake wapanda baiskeli na majirani. Alipanda hadi kwenye mkato wa saba, akachuchumaa, akapapasa. Ulikuwa umejaa udongo, na juu ya udongo kulikuwa na mavi ya mbuzi. Akasimama, shingo imemvimba.

"Mbuzi! Nilisema! Mwaka jana nilimwambia yule bwana asipitishe mbuzi wake hapa. Wamekanyaga mikato mpaka imezibika!"

Mchunga mbuzi aliitwa. Alikuja akichechemea na fimbo yake, mtu mrefu mwenye ulimi wa upanga, ambaye hapakuwa na jirani aliyekuwa hajagombana naye.

"Mbuzi wangu hukatiza hapo mara moja, jioni," alisema. "Mara moja! Mbuzi wa kukatiza anafukia mtaro? Mbuzi wangu wana akili kuliko hao watoto wako wanaojirusha mlimani kama magunia."

"Wewe ni mwongo!"

"Na wewe ni pancha inayotembea!"

Kidogo washikane mashati. Majirani waliwatenganisha, lakini kila aliyewatenganisha alikuwa na neno lake dhidi ya mchunga mbuzi: mmoja aliliwa mahindi, mwingine nguo kwenye kamba. Ilitangazwa kwamba Jumamosi mwenyekiti wa kijiji ataitisha kikao, na kwamba dawa ni moja, mbuzi wapigwe marufuku mlima mzima.



Nyumbani Chiriku alijaribu kusema. "Mama, ile mikato ya kaka..."

"Sitaki habari za mlima huo humu ndani," mama alisema, akakata uzi kwa meno. "Umeshakula shamba la mtu sasa. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Baiskeli ibaki huko huko shuleni."

Na Chiriku akajiambia: nilitaka kusema, ni yeye aliyenikataza. Ulikuwa udhuru mdogo, lakini aliushika kwa nguvu.

Darasani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kila Mshale alipoingia au kutoka, kuna aliyelia "Meee!" nyuma ya daftari. Ijumaa, mtu alimwekea majani makavu kwenye dawati. "Kifungua kinywa!" sauti ikasema. Chiriku hakulia mee. Lakini pia hakumwambia mtu anyamaze.

Mshale aliyakusanya majani yale taratibu, akayatupa dirishani. Kisha akamgeukia Chiriku, ambaye alikaa dawati la pili.

"Na wewe mbona huimbi na kwaya? Si njia ni ya kaka yako?"

"Sijasema kitu mimi."

"Ndiyo. Hujasema kitu." Mshale alimkazia macho. "Baba yangu ni mkorofi, najua. Nyumbani anatugombeza sisi, anawagombeza na kuku. Lakini hajui kudanganya, hata pale ambapo uongo ungemsaidia. Wakimnyima malisho kesho, sisi tunahama. Mbuzi hawali mawe."

Jumamosi asubuhi kikao kilifanyika katika darasa lile lile. Watu wazima walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakikaribia videvu, na hilo peke yake lingeweza kuchekesha kama kungekuwa na mtu mwenye nia ya kucheka. Bibi Kabichi alikaa mbele, jembe lake limeegemea ukuta. Mchunga mbuzi alisimama karibu na mlango na bintiye, hakuna aliyemsogelea. Mama yake Chiriku alikaa dirishani, ameshika mkoba. Alikuja kwa kuwa kila kaya ilitakiwa.

Mwenyekiti alimpa Fundi nafasi. Fundi akasimama, dawati likainuka naye, akalisukuma chini.

"Sina maneno mengi," alisema, ingawa alikuwa nayo. "Mikato ile ilichimbwa na kijana ambaye leo hayupo. Mnamjua. Dada yake yule pale. Mikono yake ilitoka malengelenge, nikamwambia bwana mdogo inatosha, akasema hapana, mvua haina huruma. Na huyu bwana, kwa ukaidi wake, amepitisha mbuzi juu ya kazi ya marehemu. Juu ya kazi ya marehemu! Hana hata haya."

Mnong'ono wa hasira ukapita darasani. Mchunga mbuzi, ambaye kila siku alikuwa na jibu, safari hii alitikisa kichwa tu. Mtu hajibishani na marehemu.

"Na mimi niseme," Bibi Kabichi alisema bila kusimama. "Kijana yule alikuja kwangu kuomba njia. Nilimfukuza mara mbili. Mara ya tatu akaniambia, 'Bibi, siku maji yakikufikia, njia naifunga mwenyewe.' Ndiyo nikakubali. Sasa maji yamenifikia. Yeye hayupo, na ninyi mnanionyesha mbuzi."

"Ndiyo maana tunataka kumaliza," mwenyekiti alisema akifungua daftari lake. "Mwenye kupinga mbuzi kuzuiwa kupanda mlima, na aseme. Kama hakuna..."

"Wasizuiwe," Chiriku alisema.

Hakukumbuka kusimama, lakini alikuwa amesimama. Watu waligeuka. Sauti yake ilikuwa ndogo, na mwenyekiti akamwambia aseme tena.

"Si mbuzi. Ni mimi. Niliifukia."



"Unasema nini, we mtoto?" Fundi alifoka.

"Niliweka mawe, nikaweka udongo, nikashindilia. Ukichimba utayakuta mawe bapa, yamepangwa. Mbuzi walipita baadaye."

Bibi Kabichi alimgeukia polepole, mwili mzima, kama mlango mzito.

"Mingapi?"

"Mitatu. Wa sita, wa saba na wa tisa."

"Kwa nini?"

"Inapunguza mwendo."

"Ndiyo kazi yake!" Bibi alipiga dawati kwa kiganja. "Inapunguza mwendo wa maji, na inapunguza mwendo wa vichwa maji kama wewe! Kati ya kichwa chako na tuta langu, kipi kilicho kitupu zaidi?"

Mchunga mbuzi peke yake ndiye aliyetoa kicheko kifupi, kikavu, kisicho na furaha.

"Siku nne," alisema. "Siku nne mwanangu analiliwa mee. Na huyu amekaa dawati la pili."

Chiriku alitaka kumtazama Mshale, akashindwa. Alimtazama mama yake. Mama alikuwa ameubana mkoba kifuani. Hakumwambia akae chini.

"Ulikuwa na nafasi ya kunyamaza," mwenyekiti alisema. "Tulikuwa tunafunga daftari. Nini kimekusimamisha?"

"Fundi amesema kazi ya kaka imeharibiwa na mtu asiye na haya," Chiriku alisema. "Ni kweli. Lakini si yule." Machozi yalikuwa yamemfika, akayafuta kwa mkono wa gauni. "Sikutaka jina la kaka limfukuze mtu ambaye hajafanya kitu."

Bibi Kabichi alimtazama, na jicho lake halikulainika.

"Maneno mazuri. Lakini ahadi ya kaka yako bado iko palepale. Maji yamenifikia. Nani anaifunga njia?"

Fundi alianza kusema jambo kuhusu mashindano. Chiriku alimtangulia.

"Mimi."

Mchana ule ule alikata matawi ya miiba, akayaburura hadi mgongoni mwa mlima, akayalaza juu ya njia mahali inapoanzia. Mikono ilimchubuka. Wapanda baiskeli wenzake walisimama pembeni wakimtazama, na hakuna aliyemsaidia. "Tulikuwa tumebakiza siku tisa tu," mmoja wao alisema, akatema mate, akaondoka. Waendesha baiskeli wa ng'ambo ya mto waliambiwa wasije.

Uamuzi wa mwenyekiti ulikuwa huu: mbuzi wapande mlima kama zamani, njia isiguswe na gurudumu hadi mvua za msimu zipite zote, na kama kabla ya hapo matuta hayajasimama na mikato haijafunguliwa, basi njia ipandwe miti, iishe. Fundi alitakiwa kumwomba radhi mchunga mbuzi mbele ya watu. Aliomba, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino. Mchunga mbuzi alimwacha amalize, kisha akamwambia arudie, kwa kuwa hakusikia vizuri. Fundi alirudia. Siku hiyo hiyo alifuta mlangoni kwa kitambaa chenye mafuta ule muda wa dakika nne na sekunde tisa, na kwa wiki mbili hakumwitikia Chiriku alipompita.

Kwa Mshale Chiriku alikwenda mwenyewe, wakati wa mapumziko.

"Mshale, naomba unisamehe."

"Usinisemeshe," Mshale alisema. "Labda mwakani." Akaenda kukaa kivulini na daftari lake. Wale waliokuwa wakilia mee walijaribu sasa kumlilia Chiriku maneno mengine. Mshale akawageukia na kuwaambia wafunge midomo, kwamba walishaimba vya kutosha. Hakulifanya kwa ajili ya Chiriku, na Chiriku alilijua hilo.

Kila jioni baada ya shule alikuwa kwenye matuta. Bibi Kabichi hakumwonea huruma. Alimwonyesha jinsi ya kupanga mawe ya ukingo, makubwa chini, yakiegemea mlima. Kisha, kila alipomaliza kipande, bibi alikipiga teke. Kikianguka, alisema "Tena," akaenda zake. Kipande cha kwanza kilianguka mara tatu. Chiriku alijifunza kuchukia neno lile. Alijifunza pia kwamba jiwe likikaa vizuri lina mlio wake, kama kufuli linapofunga.

Wiki ya pili mama yake alishuka kutoka nyumbani na sururu begani. Ilikuwa ya marehemu, mpini wake umelainika upande wa kushoto. Hakusema amekuja kusaidia wala hakusalimia zaidi ya ilivyopasa. Alichimba mkato wa tisa hadi akayafikia yale mawe bapa, akayatoa moja moja, akayatupa. Alipofika chini, udongo ulibadilika rangi, na zikaonekana alama za sururu ya zamani ukutani mwa mfereji, zimeelekea kushoto. Mama alizipapasa kwa kidole gumba.

"Hapa ndipo alipokuwa anashinda jioni zote zile?" aliuliza.

"Hapa na kwenye wa kumi. Wa kumi una mwamba. Ulimchukua siku sita."

"Hakuniambia." Mama alikaa ukingoni mwa mfereji. "Nami sikumuuliza. Nilikuwa nikimgombeza tu kwamba anarudi na tope."

Kisha akasimama akaendelea kuchimba, na Chiriku akamhadithia siku zile sita za mwamba, tangu ya kwanza hadi ya mwisho. Alizungumza mpaka jua likashuka. Hakuwa amezungumza hivyo kwa mwaka mzima.

Mvua kubwa kuliko zote ilikuja wiki ya sita, mchana wa Jumapili. Bibi Kabichi alijifunika gunia kichwani, akachukua jembe, akapanda hadi kona ya tisa, na Chiriku akamfuata bila kuitwa. Fundi alikuwa ameshafika, amelowa chapachapa, na mchunga mbuzi pia, amesimama mbali naye kadiri njia ilivyoruhusu. Maji yalishuka mekundu, yakaja moja kwa moja, yakafika kwenye mkato. Yakasita. Yakageuka pembeni, yakamwagika kwenye majani, yakapotelea huko. Walisubiri hadi mvua ikaisha. Chini, matuta yote yalikuwa yamesimama, na miche mipya ya kabichi ilikuwa imeinamisha vichwa tu.

"Unaona," Fundi alianza, "mimi nilisema..."

"Wewe ulisema mbuzi," mchunga mbuzi alimkata.

Bibi Kabichi hakuwasikiliza. Alimgeukia Chiriku, maji yakimtiririka puani.

"Msimu ukiisha, ondoa miiba yako. Mpite. Polepole, lakini mpite. Na sikiliza, kwa kuwa nitasema mara moja. Kufukia mikato ulikuwa ujinga wa kitoto. Mtoto hufikiri sekunde zake tu, hafikirii maji yatakwenda wapi. Ujinga huo unatibika kwa jembe, na tumeutibu. Lakini kukaa kimya ukimtazama mwenzako akibeba kosa lako, huo si utoto. Huo ni uovu wa watu wazima. Wengi wanauzeekea, unawaona hata hapa mlimani. Wewe ulikaa nao siku nne ukautua. Usiuokote tena."

"Sitauokota, bibi."

"Hilo utayaambia maisha, usiniambie mimi." Bibi alikung'uta gunia, akamtupia jembe. Chiriku alilidaka. "Mkato wa kumi na mbili umeanza kujaa mchanga. Wewe una miguu mizuri kuliko yangu. Nenda."